Vitambaa vya Pua Kizuizini

"Na yule aliyelala kule nyuma, mbona haitikii salamu?"

Dresa Hilario, tabibu mdogo wa kizuizi, alikuwa amepanda kwenye bodi la lori, beseni la vitambaa vya pua mkononi, shingo kairefusha. Nyuma kabisa, juu ya magunia ya muhogo, mtu alijinyoosha chali, blanketi limemfika kidevuni.

"Huyo Hemedi," alijibu Mzee Abdala, mmoja wa abiria. "Mnyamwezi, mtani wangu. Amekufa."

Lori zima likacheka. Hilario hakucheka.

Angechekaje? Ulikuwa mwaka wa homa, na amri ya Bwana Afya ilikuwa fupi: walio hai wavuke kizuizi cha Kisarawe wamefunga vitambaa puani, maiti asivuke kabisa. Aliyekufa kwa homa azikwe palepale alipofia, atupiwe chokaa, ndugu wakae mbali. Wiki iliyopita maiti mmoja alivuka, bwana, kavalishwa kofia, kaketishwa kando ya dereva kama tajiri. Bwana Afya akamwita Hilario na kumwambia kuwa akivuka mwingine, kazi basi. Na Hilario, jamani, aliipenda ile kazi. Isitoshe, mama yake na wadogo zake wote walikula kwa kazi hiyohiyo.

Basi akajifanya hakusikia. Mtu wake alikwisha kumwona, na maiti hakimbii. Akaanza na wengine, jicho moja huku, jicho moja kule kwenye magunia.

Alikuwa na vitambaa vya shashi kwa wenye kifua kibovu, vya amerikani kwa wenye afya, na vya bafta kwa wasiopenda kuwashwa. Akishakufunga, anaweka kiganja kando ya shavu lako na kukwambia upumue kwa nguvu. Pumzi ikipenya pembeni, anafungua, anafunga upya. Mzee mmoja alifungwa na kufunguliwa mpaka akachoka.

"Tatizo ndevu zako, mzee. Zinaacha nafasi."

"Sasa nifanyeje, niziache hapa kwako nizichukue nikirudi?"

Bi Sikudhani, dada yake Abdala, yeye alilalamika kuwa masikio yanabanwa. Mwingine alikishusha kitambaa kidevuni mara tu dresa alipogeuka. Mwingine akakiinua ili ateme mate. Hilario aliwagombeza wote mpaka sauti ikamkauka.

Akafika kwa mke wa Mzee Abdala, Bi Biubwa, aliyeketi katikati ya mumewe na wifi yake, kajitanda buibui mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

"Usijisumbue," alisema Abdala. "Kanuna huyo tangu alfajiri. Hata mimi hasemi na mimi."

"Mmekosana?"

"Nilimwambia tusubiri kidogo, hakutaka. Akitaka jambo lake, nani atamzuia?"

Hilario alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na kumshika mke wa mtu usoni, mbele ya mumewe, halikuwa jambo la kufanya hata kwa amri ya Bwana Afya. Akamkabidhi Abdala beseni.

"Mchagulie mwenyewe, mzee, na umfunge mwenyewe."

Abdala alipekua polepole, akatoa cha bafta, cheupe kuliko vyote. Akakipitisha chini ya buibui, akakifunga kisogoni kwa mafundo mawili, akakilainisha kwa kidole juu ya pua. Fundo la pili alilirudia mara tatu. Uzee huo, alifikiri Hilario.

"Weka kiganja shavuni. Pumzi inatoka pembeni?"

Abdala aliweka kiganja. Alikaa nacho hapo muda mrefu.

"Haitoki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu."

"Umeona!" Hilario aliwageukia abiria. "Hivi ndivyo kinavyofungwa! Mwigeni huyu mama. Hakivuti, hakishushi, halalamiki. Laiti mngekuwa kama yeye, homa ingekwisha kesho."

Abiria wakainamisha vichwa. Hilario alifurahi kuona kuwa leo wameona haya.

Sasa ikafika zamu ya magunia. Alimpigia mluzi askari wa kizuizi asogee, kisha akayapanda. Akamgusa Hemedi mguu: wa baridi. Akaweka kiganja mbele ya pua: hakuna kitu. Moyo ukamruka kwa furaha, Mungu amsamehe.

"Mshusheni! Mshusheni maiti! Nyie mlidhani mimi mjinga?"

Hakuna aliyesogea. Hilario akalishika blanketi na kulivuta kwa nguvu zake zote, na hapo Hemedi akapiga chafya. Si chafya ya mchezo. Ilimlowesha dresa kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola.

"Maiti babako!" alisema Hemedi akiketi. "Nimeota pilau, ndio kwanza natia mkono kwenye sinia, wewe unanivuta blanketi. Wazazi wako hawakukufunza?"

Askari alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Abiria walicheka, Bi Sikudhani akitokwa na machozi. Hilario alijifuta uso kwa mkono wa shati, akamrushia Hemedi kitambaa cha shashi bila kumpima, akaruka chini.

"Ondokeni! Fungua kizuizi, nawe, unacheka nini?"

Mti ukainuliwa. Lori likanguruma kuelekea Maneromango, na Hilario akabaki akinawa uso kwa dawa, akimlaani Mnyamwezi yule na ukoo wake mzima.

Walipokata kona kicheko kikakatika. Hemedi aliteremka kwenye magunia, akapita katikati ya magoti ya watu, akamshika Bi Biubwa kichwa, maana kilikuwa kimeanza kumlalia mumewe begani.

"Haya, mtani," alimwambia Abdala. "Tumevuka. Sasa mlilie mkeo."