Mtumbwi Uliopinda

Kocha wa chuo alisimama ufukweni akitafuta wapiga makasia wa kuwasomesha bure. Tunu alishika kasia la kushoto, rafiki yake Nasra la kulia. Walikuwa wameahidiana kuvuta sawasawa ili wachaguliwe wote, kwa hiyo Tunu, mwenye nguvu zaidi, alijizuia kama siku zote.

Ghafla Nasra akavuta kwa nguvu zake zote. Mtumbwi ukapinda upande wa Tunu.

“Huyo wa kushoto mlegevu!” kocha alisema. “Namchukua mwenzake.”

“Shoga, si tulikubaliana?” Tunu aliuliza mtumbwi ulipokaribia ufuko.

“Kwani nani alikukataza kuvuta?” Nasra akaruka nchi kavu, mbio kwa kocha.

Mtumbwi ule hubebwa na wawili. Tunu alisimama majini, ameinua ncha moja, nyingine ikielea.