Kikombe cha Pili

Tangu vyombo vya jikoni vianze kutoa ushahidi, kazi ya Salha ilikuwa nyepesi. Akiwa chumba cha uangalizi, aliwaelekeza wapelelezi wa serikali kwa wazee walioidanganya serikali kwamba hawana mtu, ili iwaletee mwenzi wa kuzungumza naye kila asubuhi. Kikombe hujua kimetiwa chai saa ngapi, na anayetenga viwili ana mtu.

"Bi Msimamizi, niko Chumbageni," Mhina mpelelezi alisema redioni. "Vikombe viwili, saa kumi jioni, kila siku."

Salha akatazama namba ya nyumba kwenye skrini. Ilikuwa ya mama yake. Kanuni ilimtaka ampishe mwingine kitini, lakini hakuinuka.

"Piga hodi kistaarabu. Mwamkie kwanza."

Akasikia shikamoo, kisha sauti ya mama: "Hicho cha binti yangu, baba. Alisema atapita akitoka kazini."

"Alisema lini, mama?"

"Mwaka juzi. Kazi zimemzonga, masikini."

Fomu ikamfungukia Salha na swali moja: Binti huja? Akijibu huja, mama atanyang'anywa mwenzi wake. Akaandika: Haji.

Mtambo ukalipima jibu, ukawaka kijani. Kweli tupu.

Saa ya kutoka ilipofika, Salha alitwaa mkoba wake. Kwa mama ni mwendo wa dakika kumi tu. Hapo ndipo alipong'amua kwamba kuanzia leo, akikanyaga kizingiti kile hata mara moja, mama yake atakuwa tapeli.

Akaketi tena. Kwenye skrini, kikombe cha pili kilikuwa kinapoa.