Beji ya Buluu

Mume wangu, Ron, alianguka na kufa Jumamosi kwenye nyasi za klabu ya Ballina, akicheza mchezo wake wa kuviringisha mipira, kofia ya mchezo kichwani.

Juzi mdogo wangu alinishawishi tupande meli ya kitalii hadi Noumea, kisiwani ng'ambo ya bahari. "Ukapumzike, dada. Ron alikuwa anatapika hata kwenye kivuko!"

Ndiyo maana sijawahi kusafiri baharini.

Akachukua kofia ya Ron, iliyojaa beji za vilabu alivyocheza navyo. Akagusa ya buluu, niliyokuwa nikiing'arisha kila Ijumaa.

"Hii si ya klabu. Hata mimi ninayo. Kampuni ya meli huwapa abiria wakitimiza safari tano. Majina huchongwa nyuma."

Nikaigeuza. Yalikuwa majina mawili. La pili halikuwa langu.

Tunapanda meli tarehe tisa.