Shahidi wa Viatu Virefu

Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwa fundi cherehani, na hakuna aliyemwambia aivue. Akaizungusha ncha yake kidoleni, akamkazia macho shahidi.

"Rudia jibu lako. Kwa sauti."

"Nimesema mtoto hawezi kukaa na wewe. Unajua kushona tu. Kulea hujui."

Shahidi alisema bila kupepesa macho. Alikuwa amesimama pale pale alipoelekezwa, mtandio wa kijani umemshuka mpaka kwenye nyusi, viatu virefu vikigonga mbao kila alipobadilisha mguu. Fundi aliujua mtandio ule. Aliununua yeye, enzi za kununuliana.

Kesi ilikuwa ya mtoto mmoja tu, binti yao: alale nyumba ipi. Fundi akishindwa, atabaki kumwona siku za likizo, kama mjomba.

Wakili hakuwa naye. Ndugu zake walimsihi atafute, akawajibu kwamba mdomo anao na mtoto ni wake, sasa mtu wa kumsemea wa nini? Kiti cha wakili wa mtalaka wake nacho kilikuwa kitupu, na hilo lilimpa moyo. Mbele kabisa hakimu, koti jeusi limefungwa vifungo mpaka juu, hakutikisa kichwa wala kukuna sikio.

"Mheshimiwa," fundi alisema, "naomba shahidi aeleze. Nani anamwamsha mtoto asubuhi?"

"Wewe."

"Nani anampeleka shule?"

"Wewe. Halafu unamsahau huko. Mlinzi ndiye anayekupigia simu."

"Ilikuwa mara moja."

"Mara ya nguo za harusi. Na mara ya sare za kwaya. Na ile ya mvua, alipokaa kibandani kwa mlinzi mpaka taa zikawashwa."

 Ile ya mvua fundi hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

"Jibu ulichoulizwa. Usihubiri."

"Haya, uliza."

"Ni kweli au si kweli kwamba uliondoka nyumbani mwenyewe, hukufukuzwa, hata vitu vyako hukumaliza kubeba, na mtoto amelala?"

Shahidi akashusha macho. Viatu vikagonga mbao, vikanyamaza.

"Kweli."

"Mama gani anafanya hivyo?" Alikuwa anafurahi sasa, ile furaha ya mtu anayekuna kidonda. "Mwambie hakimu. Mama wa aina gani?"

"Aliyechoka kupigiwa kelele."

"Mimi sipigi kelele."

"Unapiga sasa hivi."

"Nimesema sipigi kelele." Kiganja kikatua mezani, pini zikaruka, zikatawanyika sakafuni. Hakuna aliyeinama kuziokota. "Wewe ndiye mwenye kisirani. Unamjaza mtoto maneno. Kila akitoka kwako anarudi hasemi, hali, ananiangalia kama mwizi. Unamwambia nini huko?"

"Simwambii kitu. Anaona mwenyewe."

"Anaona nini? Mimi nimemfanya nini?"

 Shahidi akaushika mtandio chini ya kidevu kwa mikono yote miwili.

Fundi alijua amemweka kona. Nguo ikishakaa mkononi namna hii, huachi mkasi. Akasogea, akainama mpaka pumzi yake ikatikisa ukingo wa mtandio.

"Swali la mwisho. Binti yetu akiulizwa achague, baba au mama, atamtaja nani?"

Shahidi akageuza macho kwa hakimu.

"Usimtazame hakimu, hakusaidii. Ulikuwa na maneno mengi muda wote, yamekwenda wapi? Atamtaja nani?"

Mikono ya shahidi ikauachia mtandio.

"Jibu, nimesema."

Shahidi akavua mtandio wa mama yake, akaukunja vizuri, akauweka juu ya cherehani. Akashuka kwenye sanduku la mbao alilokuwa amesimamia, kwa miguu mitupu, viatu vikabaki juu vimesimama peke yake. Kwenye kona, sanamu ya kuvalishia nguo, ile isiyo na kichwa, ilikuwa bado imevaa koti jeusi la mteja.

"Baba," aliuliza, "kesho hakimu wa kweli akiniuliza hivyo hivyo, nijibu kama mama, au nijibu kama mimi?"