Nafasi ya Shamsa

Zamu yake ilipofika, Bi Mwanakheri aliweka karatasi ya matokeo ya binti yake mbele ya Mwalimu Kihwelo, mstaafu aliyewapimia vijana wa mji ule nafasi zao za kuingia vyuo vikubwa. Mwalimu akafungua daftari alimoandika, mwaka hadi mwaka, nani alichukuliwa wapi na kwa alama zipi.

"Anataka kusomea nini huyu?"

"Udaktari. Kile chuo cha ng'ambo ya mto."

"Mh. Kule wanachambua watu kama mchele." Kidole chake kikashuka na majina, kikasimama. "Ila kwa Kemia hii, mama, katika kumi wanapita wanane. Mwambie aje mwenyewe tujaze fomu."

"Shamsa tulimzika mwezi wa tatu, Mwalimu. Matokeo yametoka hayupo. Nilitaka tu kujua kama angeingia."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Angeingia."

Bi Mwanakheri aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka. Mikono ilikuwa mapajani, macho kwenye lile daftari, kama mtu ambaye shida yake haijaisha. Mwalimu akamtazama kidogo, kisha akavuta fomu mpya na kuandika jina la Shamsa juu kabisa.

"Haya. Atakaa bweni la chuoni, au atapanga nje?"

"La chuoni," alijibu upesi. "Hajazoea kulala peke yake."

Mwalimu akaandika polepole, na mama akasogeza kiti karibu ili aone.