Chiriku na Maneno ya Mama Nyati

Wanyama wa mbuga moja walimchagua Mama Nyati kuwa mkuu wao. Mpeleka habari wao alikuwa Chiriku. Siku moja mkuu aliitisha mkutano, na ulipokwisha, Chiriku aliruka mti hadi mti akitangaza, "Leo Mama Nyati kaja na tope mgongoni! Na ndama wake kamwachia nani?"

"Kasema nini?" akauliza Digidigi.

"Mengi! Lakini sauti yake, ndugu yangu, kali kama ya mama mkwe!"

Kesho yake, Chiriku akiwa bado mbali akitangaza, moto ulishika nyasi. Chiriku aliruka mbio hadi kiotani, akakuta majivu matupu.

"Wanangu!" akalia.

"Baba watoto, tuko huku!"

Mkewe alikuwa ng'ambo ya mto pamoja na majirani wote, na makinda wanne walikuwa chini ya mbawa zake. Chiriku aliwahesabu mara mbili, ndipo akashusha pumzi.

"Nani aliwaambia mhame?"

"Mama Nyati, jana mkutanoni. Alisema moto unakuja, tuvuke mto. Nilikwenda kusikiliza mwenyewe, nikawaambia na majirani."

"Lakini mpeleka habari ni mimi!"

"Mzee Nyumbu alipokuwa mkuu, ulituletea maneno yake. Mama Nyati unatuletea tope lake. Tope lingetuokoaje, mume wangu?"

Mkutano uliofuata Chiriku alikaa mbele kabisa, na kabla ya kuruka alimwendea mkuu.

"Mama," akasema kwa upole, "naomba nirudie ulichosema, unisahihishe nilipokosea."