Kanga Kitini

Siku hizi vichochoro vya Venisi vina malango yanayomkumbuka mgeni: ukishaingia na kutoka, hupiti tena maisha yako yote. Zawena, anayetembeza watalii huko, alimleta mama yake kutoka Pangani auone mji, lakini Bi Mwanakombo akagoma kutoka nyumbani kwa binti yake, ndani ya lango mojawapo.

"Mama, umekuja Ulaya kuchungulia mifereji dirishani?"

"Nikitoka, lango lako litanirudisha?"

Mama akakaa, akapika, akagombana na njiwa, hadi siku ya safari ya kurudi Pangani.

Walipotoka, lango likamuaga Mama kwa jina, likajifunga. Zawena akashtuka. "Umesahau kanga kitini."

"Sikusahau, mwanangu. Ukirudi jioni, usikute kiti kitupu."